Theluji kwa Pato la Halali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeisimamisha milima na kuifanya ishara kwa wenye kuzingatia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Wasomaji wapenzi, likizo ya Disemba inapokaribia, wazazi wengi hunijia na swali moja lililovaa nguo tofauti. Mmoja anataka kuwapeleka watoto Lamu, mwingine anataka wapande treni hadi Nairobi, na wa tatu ameombwa na wanawe walale usiku mmoja tu Malindi. Wote huuliza: je, ni halali kutumia pesa kwa matembezi ilhali unga umepanda, karo inangoja na nyumbani kuna mgonjwa? Baba huona haya kusema hana. Mama naye huona haya kusema anatamani.

Leo nitalijibu swali hilo kwa mfano wa mbali, nao ni safari ya kuteleza juu ya theluji katika milima ya magharibi ya Marekani, iliyopangwa na familia ya mpwa wangu mbele ya macho yangu. Nimechagua mfano huu kwa sababu kule bei ni kali zaidi na vishawishi vya kukopa ni vingi zaidi. Atakayeona jinsi jambo lilivyopimwa kule, hatashindwa kulipima hapa kwetu.

Watu wa nyumba hiyo

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameishi miaka 15 katika mji wa Aurora, ulioshikana na Denver katika jimbo la Colorado. Yeye hutunza wazee kwa mshahara, na mumewe hufanya kazi ya usiku katika ghala. Mungu amewaruzuku watoto watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 10 na kijana mdogo wa miaka 7. Kila mwezi, kabla ya kununua chochote cha nyumbani, hutuma pesa Mombasa kwa ajili ya dada yangu, ambaye ana maradhi ya sukari. Katika miaka yote hiyo hawajaruka hata mwezi mmoja.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa mgeni wao kwa wiki sita. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, si chini sana kuliko Nairobi, lakini kiangazi na baridi zake hazifanani na za Nairobi hata kidogo. Kutoka dirisha la sebule yao, siku ya mawingu machache, huonekana upande wa magharibi ukuta wa milima myeupe, ile iitwayo Rocky Mountains. Yule binti mkubwa alizaliwa akiitazama milima hiyo, na kwa miaka 13 hakuwahi kuikanyaga.

Shule zilipofunguliwa Januari, wanafunzi wenzake walirudi na hadithi za likizo, za skii na viti vinavyoninginia kwenye waya. Jioni hiyo kaka yake alimuuliza kwa nini wao hawaendi. Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Sisi si watu wa milima."

Maneno hayo yalimchoma baba yake. Ndugu zangu, mtoto anapoanza kuhesabu mambo ambayo "si ya watu kama sisi," hesabu hiyo huwa haiishii kwenye milima. Leo ni skii, kesho ni chuo kikuu, keshokutwa ni kusimama mbele ya watu na hijabu yake kichwani.

Maoni mawili, na daftari moja

Baba alisema: "Twende wiki hii hii. Tutalipa kwa kadi ya mkopo, kisha tutamaliza deni polepole." Mama akasema: "Huo ni mchezo wa matajiri. Ni israfu. Na pesa za mama je?" Wakanigeukia wote wawili. "Mjomba, wewe wasemaje?"

Nikawaambia kwamba kabla sijasema lolote, naomba daftari. Tukaandika mambo matatu kwenye ukurasa wa kwanza.

La kwanza, mlango wa riba umefungwa. Kadi ile humtoza mwenye deni ziada kila mwezi anaochelewa, na "polepole" ndilo neno linalomtajirisha mwenye kadi. Furaha ya siku mbili isinunuliwe kwa dhambi ya mwaka mzima.

La pili, haki za watu hutangulia. Kodi ya nyumba, umeme, chakula na dawa za dada yangu havikuingia katika mjadala. Tuliviandika juu, tukavipigia mstari, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mstari huo.

La tatu, baada ya hayo mawili, kuifurahisha familia si israfu. Mwenyezi Mungu anawasifu waja Wake ambao wakitoa hawafanyi ubadhirifu wala ubakhili, bali hukaa katikati. Sisi huwaonya watu sana juu ya upande mmoja wa aya hiyo na kuusahau wa pili. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (R.A.), na alihesabu anachokitoa mtu kwa ahli zake kuwa ni sadaka.

Walikuwa na kibubu chenye dola 900, walizodunduiza kwa muda mrefu ili wanunue sofa mpya. Mama aliitazama ile sofa ya zamani, ambayo chemchemi yake moja imechomoza, akacheka na kusema itavumilia mwaka mwingine. Basi ikawa dola 900 na si senti zaidi.

Kisha nikawakumbusha sunna ambayo wengi wetu tumeiacha: watu watatu wakitoka safari, wamteue mmoja wao awe amiri. Nikapendekeza amiri wa kupanga safari hii awe yule binti wa miaka 13. Alishtuka. Lakini alilichukua daftari, akaingia nalo chumbani, na taa yake iliwaka hadi saa nne usiku.

Hesabu za amiri

Jambo la kwanza aliloligundua lilimtisha. Huko Vail, mahali pa skii penye jina kubwa palipofunguliwa mwaka 1962, tikiti ya mtu mzima ya siku moja ikinunuliwa dirishani siku za msongamano hupita dola 300. Hiyo ni tikiti ya kupanda viti tu, bila kukodi chochote na bila mwalimu. Alilikata jina hilo kwa kalamu nyekundu.

Akasoma habari za pasi za msimu mzima, Epic iliyoanza mwaka 2008 na Ikon iliyoanza mwaka 2018, ambazo hununuliwa mapema kabla ya theluji kuanguka. Akaona kuwa zina faida kwa anayekwenda mara nyingi, na kwamba wao wanakwenda mara moja. Akazikata pia.

Ndipo akakifikia kilima kidogo kiitwacho Ski Cooper, karibu na mji wa Leadville, kwenye njia ya mlimani ya Tennessee Pass. Habari zake zilinivutia hata mimi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilijenga kambi huko mwaka 1942, Camp Hale, ili kuwafundisha askari kupigana milimani na kutembea kwa skii, na kilima hicho kilikuwa uwanja wao wa mazoezi. Askari hao walikwenda kupigana Italia, na baadhi ya waliorudi ndio walioeneza mchezo huu Colorado, hata Vail yenyewe ikaanzishwa na mikono yao. Leo kilima hicho kina miteremko ya upole inayofaa wanaoanza, hakina maduka ya fahari, na bei zake ni za chini kuliko za majirani zake wakubwa.

Kisha akajifunza kanuni nne, nazo naziandika kwa manufaa ya wasomaji wetu walio ughaibuni.

Kwanza ni siku. Usiende wiki ya Krismasi, wala mwisho wa juma mrefu wa Jumatatu ya tatu ya Januari au ya Februari, kwa kuwa hizo ni sikukuu za taifa na bei hupanda pamoja na watu. Angalia pia siku ambazo kilima kiko wazi, maana vilima vidogo havifunguliwi kila siku ya juma. Tikiti inunuliwe mapema kupitia intaneti, si dirishani.

Pili ni kiwango. Anayeanza hana haja ya tikiti ya mlima mzima. Sehemu nyingi huuza tikiti ya mteremko wa wanaoanza peke yake, au kifurushi kimoja chenye tikiti, somo na vifaa. Mtu asilipie kilele ambacho hatafika.

Tatu ni vifaa. Kukodi mjini, mbali na mlima, huwa rahisi kuliko kukodi mlangoni. Kofia ngumu ya kichwa isiachwe ili kuokoa pesa, kwa sababu nafsi ni amana.

Nne ni usafiri. Serikali ya jimbo huendesha mabasi yaitwayo Snowstang, yanayotoka Denver kwenda baadhi ya vilima siku za mwisho wa juma, na kwa mtu mmoja au wawili ni nafuu. Sisi tulikuwa sita, kwa hiyo gari lao lilishinda. Lakini gari lina sheria yake: kuanzia Septemba hadi Mei, barabara kuu ya milimani inataka tairi za theluji zisizolika, au minyororo ya kufunga kwenye tairi. Jirani yao, Mkongo aliyetoka Bukavu na anayezungumza Kiswahili, alitukopesha minyororo na suruali mbili za theluji za wanawe, akakataa malipo. Amiri akaandika katika daftari: "Jirani: sahani ya biriani."

Mitumba na buibui la mlimani

Mavazi yalikuwa hofu ya mama. Nilimwambia achukue mfano kwangu. Koti nililosafiri nalo nililinunua Kongowea, katika mitumba, na lebo yake yaonyesha lilianzia Marekani. Koti hilo lilivuka bahari hadi Mombasa, likanipata, likarudi kwao likiwa na sheikh ndani yake. Basi hatukuona haya kuingia katika maduka yao ya nguo zilizotumika. Tulipata glavu, miwani ya theluji na suruali zisizopitisha maji kwa pesa kidogo sana. Sharti lilikuwa moja: isiwe pamba wala jinzi ndani ya nguo za juu. Pamba hunywa maji na jasho, kisha huukabidhi mwili kwa baridi, ilhali sufu na nguo za nyuzi za plastiki hukauka upesi. Mtu huvaa tabaka tatu, nyembamba, ya joto, kisha ya kuzuia upepo na maji.

Niliwasimulia watoto habari za Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Mombasa yetu na kuwasifu watu wake kwa dini na misikiti yao. Miaka michache baadaye alikuwa katika nyika za kaskazini, ambako baridi ilimlazimisha kuvaa makoti ya manyoya matatu pamoja, akashindwa kupanda farasi hadi anyanyuliwe na wenzake. Maji ya udhu yaliganda ndevuni mwake, naye hakuiacha sala.

Kuhusu sitara, mama huyu aliyeogopa akagundua jambo la kuchekesha. Juu ya mlima ule kila mtu, mwanamume na mwanamke, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, amefunikwa kuanzia utosini hadi unyayoni, na nguo zenyewe ni pana. "Mjomba," akaniambia, "kumbe huku wote wanavaa buibui!" Kwa hijabu, binti alichagua kitambaa chembamba cha kubana kichwa na shingo, kinachokaa vyema chini ya kofia ngumu bila pini, kwa kuwa pini na kuanguka havipatani.

Jina lililokosekana

Usiku wa tatu amiri alituletea bajeti. Ilikuwa safi. Chumba cha usiku mmoja Leadville, mafuta ya gari, vifaa, masomo na tikiti. Chakula ni cha nyumbani: mahamri, sambusa, mayai ya kuchemsha na chupa mbili kubwa za chai ya tangawizi. Jumla ilivuka 900. Mama aliichukua kalamu na kwa utulivu akalikata jina lake mwenyewe katika orodha ya skii. "Mimi nitakaa na mabegi," alisema. "Nitawapiga picha."

Ndugu zangu, na hasa nyinyi mama zetu, mnakijua kitendo hicho. Katika bajeti nyingi za nyumba zetu, jina la kwanza kukatwa ni la mama. Kipande cha kuku kikipungua, ni chake. Nguo ya Idi isipotosha, ni yake. Hulifanya kwa mapenzi, nasi tunaliita subira na kulisifu mimbarini. Sifa hiyo ni ya haki, lakini mara nyingine huwapumzisha wasiotaka kufikiri. Na watoto wanaoliona jina la mama likikatwa kila mara hukua wakidhani ndivyo orodha zinavyoandikwa. Binti huja kulikata lake, na mvulana huja kumngoja mkewe alikate.

Amiri alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. "Babu, wewe una miaka mingapi?" Nikamwambia ni zaidi ya 50, na magoti yangu ni ya 70. Akalikata jina langu, akaandika: "Babu: mabegi." Akalirudisha jina la mama. Bajeti ikatosha, ikabaki kidogo. Nami niliipokea kazi ya mabegi kwa moyo mkunjufu, kwa maana amiri hutiiwa.

Bado mama alisita. Akampigia simu dada yangu, naamini akitumaini atakatazwa. Niliisikia sauti ya dada yangu kutoka Kibokoni, kwa kuwa yeye huzungumza na simu kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya pili ya mtaa. "Mwanangu," alisema, "nilikuruhusu uende ukaishi. Sikukutuma ukawe posta ya kuniletea pesa. Nenda. Ila usiniletee picha ya mguu uliovunjika."

Palibaki gharama moja ambayo hakuna kati yetu aliyeiandika, na ni amiri aliyeiona. Baba alikuwa amepewa saa za ziada Ijumaa usiku na Jumamosi usiku, zenye malipo mazuri. Akienda mlimani, atazikosa. Binti akaongeza mstari mwishoni mwa ukurasa: "Mshahara wa baba wa siku mbili," na mbele yake akaacha nafasi tupu. Baba alikaa kimya kwa muda. Kisha akaichukua kalamu na kuandika kiasi chenyewe, nacho kilikuwa kikubwa kuliko chumba na tikiti zote pamoja. Chini yake akaandika: "Nimekubali." Watoto hao walikuwa wamezoea kumwona baba yao akilala mchana na kutoka usiku. Sidhani tikiti yoyote ingewapa walichopewa na maneno hayo mawili.

Na siku hiyo hiyo binti alipata katika simu yake habari iliyomfanya apige kelele. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishiriki mashindano ya skii ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, akamaliza wa mwisho, na bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika skii za mlimani, huko Korea Kusini. "Mama, amezaliwa Kilifi!" Mama alikaa kitako. "Kilifi hii yetu?"

Siku yenyewe, kwa ufupi

Tuliondoka Jumamosi baada ya Alfajiri, mwisho wa Januari. Barabara hupanda hadi handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, lenye urefu wa kilomita 2.7 hivi na lililo takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Leadville wenyewe uko zaidi ya mita 3,000. Mtu wa pwani hulihisi hilo kichwani. Dawa yake ni kunywa maji mengi, kutofanya haraka, na kujipaka mafuta ya kuzuia jua, maana theluji huurudisha mwangaza usoni kama kioo.

Mwendo wetu ulipita kilomita 160, kwa hiyo tulipunguza na kukusanya sala kwa ruhusa ya msafiri. Siku za huko ni fupi wakati huo, Magharibi huingia mapema mno, na asiyepanga atajikuta Alasiri imempita kwenye kiti cha waya. Viatu vya skii ni vigumu kama sanduku, na wanazuoni wanaweza kujadiliana juu ya kuvipangusa kama khuffu. Sisi tulichagua njia isiyo na khitilafu: walivivua adhuhuri kwa ajili ya chakula, wakatawadha kwa maji ya moto, tukasali katika kona tulivu ya jengo. Mombasa qibla chetu ni karibu kaskazini moja kwa moja. Huko tulielekea kaskazini-mashariki. Yule mdogo aliniuliza kama theluji yafaa kwa tayamamu, kwa sababu yafanana na mchanga mweupe. Nikamwambia hapana, theluji ni maji yaliyolala, na tayamamu ni kwa udongo.

Kijana huyo huyo alilia kwa baridi baada ya saa moja na kumalizia siku mapajani mwangu, akinywa chai. Tikiti yake ilipotea. Kwa mtoto wa umri huo ni bora kuanza na kibao cha kutelezea katika kilima cha bustani ya umma, bila malipo. Kaka yake alishuka mteremko bila kujua kusimama, akasimamishwa na rundo la theluji. Baba alisimama chini ya mteremko mikono wazi, akiwapokea mmoja mmoja, na macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi wa wiki nzima.

Mama alianguka mara ya kwanza, ya pili, na ya saba. Mara ya nane aliteleza kama hatua 30 akiwa wima, akaanguka mwishoni, akalala chali akicheka. Kicheko hicho mara ya mwisho nilikisikia alipokuwa mtoto barazani kwa mama yake. Binti yake alikuwa amesimama kando, akimtazama kana kwamba anatambulishwa kwa mtu mgeni.

Usiku, huko Leadville, amiri alifunga hesabu: dola 861. Zilizobaki 39 zilirudi katika kibubu, na juu yake akabandika karatasi yenye neno moja: "Sofa." Pesa za dada yangu zilitumwa tarehe ile ile ya kila mwezi.

Tunachukua nini?

Sisi tulio Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu hatuna theluji, na hatuna haja ya kuilazimisha. Bahari imetutosha. Lakini daftari lile tunaweza kulifungua usiku huu.

Andikeni haki za watu kwanza, deni la duka, karo na dawa za wazazi, mzipigie mstari usiogusika. Kopo la akiba lianze Muharram, siyo wiki moja kabla ya likizo. Mikopo ya simu yenye ziada isiwe nauli ya furaha zenu, hata kama ni safari ya siku moja. Mpeni hesabu mtoto aliyekwisha kupata akili, aone bei ya kila kitu na ajifunze kukata, na mtashangaa jinsi maombi yanavyopungua pale mwombaji anapokuwa mweka hazina. Na mkimaliza, isomeni orodha kwa sauti na msikilize kama jina la mama limo, na si mahali pa mabegi.

Nawaambia akina baba wenzangu pia: iandikeni ile gharama isiyoandikwa, yaani saa zenu. Wengi wetu tuko tayari kutoa pesa ili tusitoe muda. Pesa tukiwa hatunazo, husema hatuna cha kutoa, ilhali Jumapili nzima tumeiacha kwenye baraza la kahawa. Kutembea na wanao ufuoni baada ya Alasiri hadi jua lizame hakuna tikiti.

Ewe Mola wetu, zibariki riziki zetu za halali, zifanye zitoshe, na utulinde na deni na riba. Wape nguvu wanaofanya kazi usiku kwa ajili ya watoto wao, ponya wazazi wetu wagonjwa, na wahifadhi watoto wetu walio mbali na walio karibu. Uzifanye nyumba zetu ziwe zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.